Mwiko Mkononi mwa Mgeni

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zama hizi methali hiyo imepinduliwa. Kila ifikapo likizo ya nchi za kaskazini, vijana wa Ulaya na Marekani hushuka Mombasa, Nairobi na Arusha, na siku ya kwanza tu hupewa mwiko wajenge makao ya yatima. Wengi wao hawajapata kushika timazi maishani. Hupanga matofali wiki mbili, hupigwa picha wamezungukwa na watoto, hulia siku ya kuagana, kisha hupanda ndege. Jambo hili huitwa kujitolea. Yafaa liulizwe: ni nani aliyetoa, na ni nani aliyetolewa?

Ujenzi ni elimu. Kuchanganya saruji na mchanga kwa kipimo, kulimwagilia zege maji siku kadhaa lisipasuke, kuusimamisha ukuta wima kwa timazi na kuulaza sawa kwa pimamaji, hayo hujifunzwa kwa miaka. Hapana mji wa Ulaya ambao ungekubali watoto wake walale chini ya kuta zilizojengwa na wanafunzi wa likizo. Na mlangoni pa makao hayo huwapo fundi asiye na kazi, mwenye mwiko wake na wana wake. Nauli ya mgeni mmoja ingemlipa ujira wa siku nyingi. Akiikosa kazi ile hukosa karo na unga. Na mtoto wa fundi asiye na karo wala unga yu karibu sana na mlango wa makao yale yale. Hivyo ukuta uliojengwa kwa huruma hujitafutia mkaaji.

Hata neno yatima limedhulumiwa. Nchini Kambodia, uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu watoto watatu katika kila wanne waliokuwa katika makao walikuwa na mzazi aliye hai. Baina ya mwaka 2005 na 2010 idadi ya makao nchini humo iliongezeka kwa asilimia 75. Si vifo vya wazazi vilivyoongezeka kwa kadiri hiyo. Ni watalii na wafadhili. Mzazi maskini akiahidiwa shule na chakula humtoa mwanawe, na mtoto mwenye mama huvikwa jina la yatima ili apate kuhurumiwa.

Mwaka 1951 daktari John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa iliyoonya kwamba mtoto mdogo huhitaji upendo wa kudumu wa mama, au wa mtu ashikaye nafasi ya mama. Mgeni wa wiki mbili hana cha kudumu. Mtoto humzoea, humpoteza, kisha huletewa mwingine. Yule amrukiaye mgeni shingoni saa ya kwanza husifiwa kuwa mchangamfu. Kumbe huenda amekata tamaa ya kuwa na mtu wake mwenyewe.

Watetezi husema kwamba nia ya vijana hawa ni njema. Hapana aipingaye nia. Lakini nia haisimamishi ukuta wala hailei mtoto. Husema pia kwamba wako watoto wasio na mtu kabisa. Wako, lakini ni wachache kuliko wanaohesabiwa. Wengi wana bibi, shangazi au mjomba awezaye kuwalea akisaidiwa. Husema tena kwamba vijana wasipokuja, fedha hazitakuja. Hapo ukweli umejifichua: basi fedha hizo si sadaka, ni bei, na kinachonunuliwa ni kumbatio la mtoto.

Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaja madhara ya safari za kujitolea katika makao ya yatima. Kenya nayo imejiwekea mpango wa miaka kumi, tangu 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka katika makao hadi katika jamaa zao. Ajaye kwa wema na asaidie kazi hiyo: amlipe fundi ujira, amlipie mtoto karo akiwa kwa mamaye, kisha atembee nchi kama mgeni mwenye heshima. Methali nyingine yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa mgeni huponywa majuto yake na mwenyeji hubaki na jeraha, mwiko huo na uwe mwiko kweli.