Baiskeli ya Umeme Ichaguliwe kwa Safari ya Kurudi

Wahenga walinena kwamba kutangulia si kufika. Methali hii imekuwa ikinirudia akilini tangu likizo iliyopita, nilipokuwa nyumbani Funzi, nikamwona binamu yangu akishuka chomboni baada ya isha, betri imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, viatu mkononi. Baiskeli yake mpya ya umeme alikuwa ameiacha kwa watu, kabla ya kufika Gazi, akamalizia safari kwa matatu na bodaboda hadi Bodo, kisha kwa mashua. Baiskeli yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa imeishiwa na umeme tu. Asubuhi ilimfikisha kazini Diani kwa mbwembwe; jioni ilimwacha njiani.

Mwuzaji alikuwa amemwahidi kilomita 80 kwa chaji moja. Mjomba wetu, ambaye amekula chumvi nyingi baharini, alimsikiliza hadi mwisho kisha akamwuliza swali moja:

"Mwanangu, huyo aliyekuuzia alikuuliza pepo za kwetu zavuma wapi?"

"Hakuniuliza, mjomba. Aliniuliza kama nina pesa taslimu."

Ndugu msomaji, tulicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na uchungu ndani yake. Vijana wengi wa Msambweni na visiwa vyake hutafuta riziki katika hoteli, maduka na majumba ya Diani na Ukunda. Anayetoka Funzi hulipa chombo, hulipa bodaboda, hulipa matatu, kisha jioni hulipa tena vyote hivyo kwa mpangilio wa kinyume. Baiskeli ya umeme yaweza kumwondolea mzigo mkubwa wa nauli hizo. Hata hivyo, ikichaguliwa vibaya, humwachia mizigo miwili: deni la kununulia na nauli ile ile ya zamani. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba baiskeli ya safari ndefu haifai kuchaguliwa kwa kutazama inavyoondoka dukani. Ichaguliwe kwa kutazama itakavyorudi nyumbani, jioni, mwendeshaji akiwa amechoka na upepo ukimkabili.

Hebu tuanze na hesabu, maadamu hesabu haina upendeleo. Betri hupimwa kwa wati-saa, nazo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya binamu yangu ilikuwa ya volti 48 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 480. Mwendeshaji anayesaidia kwa kupiga pedali kwenye barabara tambarare aweza kutumia wati-saa 8 hadi 10 kwa kilomita. Anayetegemea mota zaidi, au anayeendesha dhidi ya upepo, hutumia 13, 15 au hata zaidi. Kutoka Bodo hadi Diani tukadirie kilomita 35. Asubuhi, kwa wati-saa 8 kwa kila kilomita, alitumia 280. Zikabaki 200. Jioni, kwa wati-saa 13 kwa kilomita, hizo 200 zilimpeleka kilomita 15 tu, na hapo ndipo giza lilipomkuta.

Je, mwuzaji alidanganya? Sidhani ni lazima tumwite mwongo. Kilomita 80 zinawezekana kwa mtu mwepesi, asiye na mzigo, anayepiga pedali kwa bidii, kwa mwendo wa taratibu, mahali pasipo na upepo. Tatizo ni kwamba mtu huyo haishi Funzi. Kilomita zinazoandikwa kwenye karatasi ya dukani ni za siku njema, ilhali mfanyakazi huenda kazini siku zote, njema na mbaya.

Hapa ndipo swali la mjomba linapodhihirisha hekima yake. Barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga inafuata mwelekeo wa pwani, kutoka kaskazini mashariki kuelekea kusini magharibi. Takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, kusi huvuma. Anayekwenda Diani asubuhi husukumwa mgongoni, naye hudhani kwamba baiskeli yake ina nguvu za ajabu. Jioni, upepo wa bahari unapokuwa umepamba moto, upepo ule ule humpiga kifuani. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Isitoshe, kasi ya hewa inayomkabili mwendeshaji ikizidi maradufu, ukinzani wake huwa mara nne. Ndiyo maana anayekimbia kwa kilomita 30 kwa saa dhidi ya kusi humaliza betri haraka mno, ilhali mwenzake aliyeshuka hadi 20 hufika nyumbani. Nahodha yeyote wa Funzi analijua jambo hili kwa tanga lake. Hakuna sababu ya mwenye baiskeli kutolijua.

Basi ni betri gani inayofaa? Kwa maoni yangu, safari kama hii inahitaji betri isiyopungua wati-saa 720, yaani volti 48 na ampea-saa 15. Tukiacha asilimia 20 kama akiba, zinabaki 576. Kwa matumizi mabaya ya wati-saa 15 kwa kilomita, hizo hutosha kilomita 38. Hapa yafaa tuwe wakweli: zinatosha safari ya upande mmoja katika siku mbaya, wala hazitoshi kwenda na kurudi. Kwa hiyo mnunuzi mwenye safari ya kilomita 70 kwa siku ana njia mbili tu. Ama anunue betri mbili, ama apate mahali pa kuchajia kazini. Nani basi amwulize swali hili kabla hajatoa pesa zake, kama si yeye mwenyewe?

Jambo la pili ni umri wa betri. Mwenye kuchaji nyumbani na kazini, akitumia takriban robo tatu ya betri kila upande, kwa siku 300 za kazi, hutimiza mizunguko kamili zaidi ya 400 kwa mwaka. Betri za risasi, ambazo huvutia kwa bei nafuu, aghalabu hupoteza nguvu baada ya mizunguko mia chache, na kwa ukubwa tuliotaja huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Betri nyingi za lithiamu za kawaida hudumu mizunguko 500 hadi 1,000. Zile za lithiamu zenye chuma na fosfeti, ingawa ni nzito kidogo kuliko lithiamu nyingine na bei yake ya mwanzo ni kubwa, zaweza kufikia 2,000. Kwa mtu wa safari ndefu, tofauti hiyo ni ya kununua betri mpya kila mwaka au kila baada ya miaka minne. Anayelinganisha bei ya baiskeli na nauli bila kuhesabu betri ya pili anajihadaa.

Tatu, kuna chumvi. Baharini hakuna rafiki wa chuma. Nashauri betri iwe ya kutoka na yenye kufuli, ili baiskeli ilale Bodo kwa jamaa na betri pekee ivuke. Betri ya lithiamu ya kiasi nilichotaja huwa na uzito wa kilo nne au tano, nao hubebeka begani hata maji yanapokuwa yamekupwa na abiria wakalazimika kutembea topeni. Baiskeli nzima ikivushwa kila siku kwa mashua, marasharasha ya maji ya chumvi yatakula viunganishi vya nyaya kabla ya mwaka kwisha. Baiskeli ipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, wala isipigwe maji kwa mpira wenye nguvu, maana maji hayo hupenya mahali ambapo mvua isingepenya.

Nne, nani ataitengeneza? Kuna mota zinazokaa kwenye kitovu cha gurudumu na nyingine zinazokaa katikati, penye pedali. Hizi za katikati husifiwa kwa kupanda vilima, lakini barabara yetu ya pwani haina vilima vya kutisha, na mota hizo hulichosha mnyororo na mara nyingi hudai vipuri vya kiwanda kimoja tu. Yenye mota ya gurudumu la nyuma, hata mota ikizima, hubaki baiskeli. Fundi wa kijijini atatengeneza breki, mnyororo na tairi kama alivyozoea. Tairi nazo ziwe pana, kwa kuwa njia zetu nyingi za kushuka pwani zina mchanga.

Wapo watakaoniambia kwamba dawa ya yote haya ni pikipiki ya umeme ya kubadilisha betri. Hoja hiyo ina uzito. Mnamo Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua pikipiki za umeme papa hapa pwani, mjini Mombasa, na Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliwapunguzia wanunuzi wa vyombo vya umeme mzigo wa kodi. Anayebadilisha betri kituoni hasubiri kuchaji wala haogopi uzee wa betri. Hata hivyo, kituo hufuata wateja, nao wateja wengi wako mijini. Mtu wa Funzi aulize: kituo cha mwisho kwenye barabara yangu kiko wapi, na kikifungwa nitafanya nini? Asiyeridhika na jibu asinunue bado. Fauka ya hayo, pikipiki ikizima huwezi kuipiga pedali.

Ndugu zangu wa chama hiki cha Kiswahili wataniuliza, haya yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Binamu yangu si mjinga. Ni mzawa wa Chifundi, lahaja inayoweza kutofautisha maji ya bamvua na maji mafu kwa neno moja moja, na yeye hupiga hesabu za kupwa na kujaa bila kalamu. Lakini kitabu cha maelezo alichopewa pamoja na baiskeli hakikuwa na hata sentensi moja ya Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa aliyoinunua. Haki hiyo ina maana gani ikiwa maelezo yamo katika lugha asiyoisoma? Tumezoea kubishana kuhusu istilahi katika kumbi zetu za mihadhara. Waama, wati-saa, mzunguko wa betri na mota ya kitovu ni istilahi ambazo mtu mmoja kule kwetu alizilipia kwa kulala njaa ya mwezi mzima. Twende tukaziandike kwa ufasaha, kurasa mbili tatu zitakazobandikwa penye gati, na tutakuwa tumeitumikia lugha kuliko kongamano zima.

Waajiri nao wana sehemu yao. Kujaza betri ya wati-saa 720 hakufikii hata uniti moja ya umeme. Hoteli inayowasha taa za bustani usiku kucha haitafilisika kwa kuwatengea wafanyakazi wake kibanda chenye kivuli na soketi chache. Kibanda kiwe na kivuli kwa sababu joto kali huzeesha betri, na kiwe mbali na vyumba kwa usalama. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Sioni fahari ya kumtangazia mgeni kwamba tunayatunza mazingira huku mpishi wake akinyimwa soketi.

Na kwa anayechaji nyumbani kwa jua, hesabu haibadiliki. Paneli ya wati 100, kwa saa tano za jua zuri na baada ya upotevu wa njiani, hutoa wati-saa 350 hivi. Betri ya 720 itahitaji paneli mbili au tatu za namna hiyo na betri ya kuhifadhia umeme, kwa sababu mchana jua linapowaka, mwenyewe na baiskeli yake wako Diani.

Binamu yangu hakuiuza baiskeli yake. Alizungumza na mkuu wake wa zamu, akaruhusiwa kuchaji ndani ya stoo wakati wa kazi, na sasa hushusha kasi jioni kusi inapomkabili. Hufika Bodo kabla ya magharibi, mara nyingi. Hilo "mara nyingi" ndilo linalonikera, kwa kuwa siku umeme unapopotea hotelini, au zamu inapobadilika na stoo ikafungwa, yeye hurudi kwa nauli. Riziki ya mtu haifai kutegemea hisani ya mwenye ufunguo wa stoo.

Wewe msomaji unayefikiria kununua, usiulize dukani baiskeli inakwenda mbali gani. Uliza inarudi kutoka wapi.