Mwasho wa Sehemu za Siri: Tuache Kununua Dawa kwa Kubahatisha

Kuna maradhi ambayo akina mama huyataja kwa kunong'ona tu. Mojawapo ni mwasho wa sehemu za siri. Katika mitaa kama Nyanchwa, mjini Kisii, wengi huanzia kwenye duka la dawa. Mwanamke hunong'ona, hupewa dawa ya fangasi, akaenda zake bila kupimwa. Nashikilia kuwa mtindo huu umewatesa akina mama vya kutosha.

Yafaa ieleweke kwamba mwasho ni dalili, wala si ugonjwa mmoja. Ni kweli kwamba takriban wanawake watatu kati ya wanne hupatwa na fangasi za uke angalau mara moja maishani. Ute wake huwa mweupe na mzito kama maziwa yaliyoganda, usio na harufu mbaya. Lakini ute wa kijivu unaonuka kama samaki huashiria kuwa bakteria wa uke wamevurugika, na ule wa manjano au kijani wenye povu huenda ukawa wa trikomonasi, ugonjwa wa zinaa. Mwasho pia huletwa na upele, chawa, sabuni zenye manukato, au ukavu unaofuata kukoma kwa hedhi.

Kila chanzo kina dawa yake. Fangasi hutibiwa kwa klotrimazoli ya kuweka ukeni au kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150. Mjamzito asimeze flukonazoli. Atumie ile ya kuweka ukeni kwa siku 7. Bakteria na trikomonasi huhitaji metronidazoli, kwa kawaida mara mbili kwa siku kwa siku 7. Ikiwa ni trikomonasi, mume naye sharti atibiwe, la sivyo utaambukizwa tena.

Je, mtu hawezi kujitambulia mwenyewe? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwapima wanawake 95 waliojinunulia dawa ya fangasi. Takriban thuluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi peke yake. Waliosalia walikuwa na maradhi mengine au mchanganyiko, na baadhi hawakuwa na ugonjwa wowote.

Hatari kubwa zaidi ni mwasho unaorudi. Fangasi zikikusumbua mara tatu au zaidi kwa mwaka, omba upimwe sukari na virusi vya Ukimwi. Ukiona mabaka meupe, uvimbe, au kidonda kisichopona, usikawie: huenda ni ugonjwa wa ngozi unaohitaji marhamu maalumu, au hata saratani, na haya hayaponi kwa dawa ya fangasi.

Nyumbani, osha sehemu ya nje kwa maji safi. Usiingize sabuni, ndimu wala dawa ya kuua viini ndani ya uke, kwani huwaua bakteria wanaoulinda. Vaa chupi za pamba zilizokauka vizuri. Kisii hunyesha karibu mwaka mzima, na wengi huanika chupi chumbani, gizani, kwa kuona haya. Unyevu huo huzipa fangasi nafasi. Jua likichomoza, zianike nje. Hakuna aibu katika nguo safi.

Aibu hiyo hiyo ndiyo inayomzuia mama kupanda ngazi za kliniki, hali Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii iko papo hapo mjini. Ukipenda kuhudumiwa na muuguzi wa kike, omba, si kosa. Nanyi waume, mke akisema anawashwa, msikimbilie kumshuku uzinzi. Fangasi humpata hata aliye mwaminifu, hasa baada ya kutumia antibiotiki au akiwa mjamzito.

Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Mwasho ukidumu, nenda ukapimwe kwanza, ndipo ununue dawa.