Kabati la vitabu lifunguliwe

Muulize mzazi wa Mji Mkongwe mwanawe anasoma wapi, atakutajia skuli. Muulize anasoma chuo gani, atakutajia mwalimu wa Kurani. Mwenye elimu tunamwita mtu aliyesoma, na aliyeanguka mtihani tunasema hakusoma. Neno moja limebebeshwa yote hayo: kwenda skuli, kujifunza dini, kuelimika, kufaulu. Asiyepata nafasi ndani yake ni mtoto aliyekaa barazani na kitabu cha hadithi, ambaye hakutumwa na mtu wala hasubiri kuulizwa na mtu, ila anataka kujua sungura atajitoa vipi pale alipojitia. Hata neno ambalo lingemfaa mtoto huyo, kujisomea, tumeshalipa kazi nyengine: katika dahalia zetu, saa ya kujisomea ni saa ya usiku ya kudurusu masomo, mtihani ukiwa mbele. Tumezoea kukiona kitabu kuwa ni kazi, na mtoto wa darasa la pili anaufahamu mtazamo wetu huo kabla hajajua kuunganisha silabi.

Naamini kila skuli ya msingi ya Unguja inahitaji maktaba, hata iwe kabati moja, ambamo mtoto anachagua kitabu mwenyewe, anakisoma, na akimaliza haulizwi swali hata moja. Siliombi hili kama pambo la skuli zilizokwishakamilika. Naliomba kwa sababu kusoma kwa raha ndiko kunakomfanya mtoto awe msomaji mzuri, na skuli inayongoja mtoto ajue kusoma sawasawa ndipo impe hadithi imeianza kazi kwa mwisho.

Ushahidi wa hilo ninaouamini kuliko wote unatoka visiwani, tena visiwa ambavyo skuli zake za vijijini zilikuwa na upungufu tunaoujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vyenye picha katika skuli za vijiji vya Fiji, kwa watoto wa darasa la nne na la tano, kiasi cha vitabu 250 kwa darasa. Katika baadhi ya madarasa watoto waliachiwa muda kila siku wasome kimya wanachokitaka. Katika mengine mwalimu alikisoma kitabu pamoja nao, wakakizungumza na kukirejea. Kundi la tatu liliendelea na mpango wa kawaida wa mazoezi ya lugha, ule wa sentensi za kukariri. Baada ya miezi minane, watoto waliopewa hadithi walikuwa wamepiga hatua mara mbili ya ilivyotarajiwa katika kusoma na katika kufahamu wanachosikia. Mwaka wa pili faida hiyo ilienea mpaka kwenye uandishi, sarufi na mitihani ya masomo mengine. Kilichoongezwa darasani ni vitabu na muda wa kuvisoma. Majengo yalikuwa yale yale, na walimu wale wale.

Msomaji makini atasema vitabu vile vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya pili kwa watoto wa Fiji, na sisi tunazungumzia Kiswahili. Ni kweli, na kwangu tofauti hiyo inaipa hoja nguvu zaidi. Mtoto wa Fiji ilimbidi avuke lugha ndipo aifikie hadithi. Mtoto wa Unguja anafungua kitabu akakuta lugha ya nyumbani kwao, kwani ni Kiunguja hiki kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. (Mtoto wa Makunduchi na wa Tumbatu wana lahaja zao, na nafurahi wakizishika, lakini masafa yao si ya kulinganishwa na yale ya kijiji cha Fiji hadi Kiingereza.) Hata upande wa Kiingereza mfano ule unatuhusu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Ukubaliane na uamuzi ule au usikubaliane nao, mtoto aliyekwisha kusoma hadithi mia kwa lugha yake anajua namna ya kuuendea ukurasa mgumu: hubahatisha maana ya neno kwa yaliyolizunguka, huvumilia asilolielewa, husonga mbele. Aliyezoea kunakili ubaoni hukwama kwenye neno la kwanza.

Kuna ushahidi mwengine wa mwaka 2000, wa uchunguzi wa kimataifa wa PISA uliowapima vijana wa miaka 15, wengi wao wa nchi tajiri. Vijana ambao wazazi wao walikuwa na kazi za hadhi ya chini kabisa, lakini wenyewe wakishughulika sana na kusoma, walipata wastani wa alama 540. Waliozaliwa na wazazi wenye kazi za hadhi ya juu lakini wasiojishughulisha na kusoma walipata 491. Unaweza kuuliza kipi kilitangulia, kupenda au kuweza, maana anayeweza jambo huelekea kulipenda. Kwa takwimu za PISA peke yake swali hilo haliishi, ndiyo maana nimeitanguliza Fiji, ambako vitabu vilikuja kwanza na uwezo ukafuata. Tukiziweka pamoja tunapata habari njema kwa mtoto wa mvuvi wa Nungwi na wa mkulima wa mwani wa Paje: hali ya nyumbani haimfungi moja kwa moja, iwapo skuli itampa kile ambacho nyumba haina.

Pingamizi la kwanza huwa ni fedha, na halifai kupuuzwa, kwa sababu skuli yenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa jioni, ina mahitaji yanayopiga kelele zaidi kuliko hadithi. Lakini hesabu tuifanye kwa uangalifu. Tuseme skuli nne za jirani, Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu, kila moja inapata vitabu hamsini tofauti na vya wenzake, ndani ya sanduku, na masanduku yanabadilishana kila muhula. Kwa gharama ya vitabu hamsini, kila skuli itakuwa imeona vitabu mia mbili ndani ya miaka miwili. Halihitajiki jengo, bali sanduku, daftari na gari ya kulichukua sanduku mara mbili kwa mwaka. Vitabu navyo vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukitoa hadithi za Kiswahili tangu 1991, na hazina ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili ambazo skuli inaruhusiwa kuzichapisha bila kulipia haki. Nchi hii ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, na haikungoja itajirike kwanza. Ikiwa tarehe hiyo tunaiadhimisha kila mwaka, basi mwaka mmoja na iadhimishwe kwa masanduku.

Kuhusu vitabu vya msaada kutoka nje, ambavyo vingi ni vya Kiingereza, navipokea kwa shukurani na kwa sharti moja: visihesabiwe kuwa ndiyo maktaba. Rafu iliyojaa vitabu ambavyo mtoto wa miaka minane hawezi kuvisoma humfundisha kwamba vitabu ni vitu vya watu wengine.

Linafuata pingamizi la muda. Mtoto wa Unguja ana skuli, ana chuo, na mjini siku hizi ana tuisheni. Asome hadithi saa ngapi? Jibu ni ndani ya saa za skuli, dakika ishirini kwa siku, zikatwe kutoka kwenye kunakili. Sioni ugomvi wowote na chuo. Kwa karne nyingi chuo kimewafundisha watoto wa pwani hii kwamba maandishi yana uhai, yana sauti, yanastahili kushikwa kwa heshima, na neno letu kuhitimu asili yake ni kule kuukhitimisha msahafu. Kwa hati ile ile ya chuoni babu zetu waliandika Kiswahili chao, tenzi na barua, kabla ya hati ya Kirumi kushika nafasi. Mtoto anayetoka chuoni ana masikio yaliyokwisha kuzoea lugha iliyopangwa vizuri. Skuli ndiyo iliyobakisha deni lake.

Wapo pia wanaohofia maadili: hadithi gani hizo, na nani amezichagua? Ni swali la haki, na kamati ya skuli, yenye wazazi ndani yake, ndiyo ya kulijibu kwa kuvisoma vitabu kabla havijaingia kabatini. Ila wachague kama watu wanaotafuta hadithi nzuri, maana kitabu ambacho kila ukurasa wake unamhubiria mtoto, mtoto hukiweka chini.

Na wapo wasemao sisi ni watu wa masimulizi, wa paukwa na pakawa, na kwamba kitabu si mila yetu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja, kwa Kiswahili chenyewe na tafsiri ya Kiingereza ubavuni. Zaidi ya miaka 150 imepita tangu ngano za visiwa hivi ziwe kitabu, na watu wa mbali wamezisoma. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu ambaye skuli hakuipata kama tunavyoijua, aliyekuwa mvuvi na mchukuzi wa bandarini, aliyashika masimulizi kichwani na bado akayatilia wino. Diwani yake ya Kimbunga ipo. Kwa mtu kama yeye simulizi na kitabu havikuwa na uadui. Bibi anayesimulia usiku anamtayarisha mtoto kutaka kitabu asubuhi, na ikiwa asubuhi hakuna kitabu, hamu ile inakwenda kwenye simu, ambayo haikosi kamwe cha kumpa.

Unguja imetoa waandishi kuliko ukubwa wake. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi alishinda shindano la uandishi wa Kiswahili la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, akamleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ambaye watu walimsoma kwa sababu walitaka kujua nani muuaji. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa hapa mwaka 1948, alipotoa hotuba yake ya Nobel Disemba 2021 alianza na raha: utotoni, skuli, kipindi alichokingojea kwa hamu kuliko vyote kilikuwa kile cha kuandika hadithi. Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis. Tuliishangilia tuzo, na tulistahiki. Lakini riwaya kama hiyo haisomwi na kijana wa miaka kumi na minane ambaye hajawahi kumaliza kitabu kwa hiari yake. Anayetaka wasomaji wa Peponi mwaka 2035 aanze sasa na watoto wa miaka minane, na hadithi za kurasa kumi na sita.

Linabaki jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko fedha, nalo ni ufunguo. Kitabu cha skuli ni mali ya serikali, kimegongwa muhuri, kimeandikwa kwenye orodha, na mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa kikipotea. Hakuna atakayemuuliza kisiposomwa. Kwa utaratibu huo, mwalimu mwenye busara hulifunga kabati, na siwezi kumlaumu: tumempa sababu ya kulifunga na hatukumpa hata moja ya kulifungua. Kitabu cha hadithi cha mtoto kina umri wake, kama chaki. Kikipita mikono arobaini, kikachukuliwa nyumbani, kikarudi na alama ya mafuta ya taa na kona zilizokunjika, kimeshalipa. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali inaweza kuliondoa tatizo hili kwa waraka mmoja: sehemu fulani ya vitabu vya hadithi ihesabiwe kila mwaka kuwa imechakaa au imepotea, bila mwalimu kudaiwa, na ijazwe upya kama zinavyojazwa chaki.

Waraka huo huo ungeweza kuligusa swali la kupima. Walimu watauliza: bila maswali ya ufahamu, tutajuaje kama mtoto amesoma? Mtoto aliyekipenda kitabu humsimulia mwenzake, na mwenzake huja kukiomba. Mwalimu anayesikiliza atajua. Mtoto ambaye hakukipenda aruhusiwe kukirudisha kwenye ukurasa wa tano na kuchukua chengine, kwani kuchagua nako kunafunzwa kwa kukosea. Na mkaguzi akija skulini asiombe kuonyeshwa rafu zilizopangwa. Aombe daftari la kuazimia. Alifungue, ahesabu majina yaliyoandikwa na watoto wenyewe wiki hiyo, kisha atazame kabatini. Akikuta vitabu vyote vimo ndani, vimesimama safi kwa mstari, hilo ndilo la kuandika katika ripoti yake kwa wino mwekundu.