Kisicho na Kibandiko Si Kisicho na Asili

Kuna neno moja lililozoeleka mno katika maghala ya vitu vya kale, nalo ni "haijulikani". Laandikwa kwenye kadi, mahali palipoachwa kwa jina la mtengenezaji. Laandikwa tena chini yake, mahali palipoachwa kwa nchi. Kisha kadi hufungwa, na mwandishi wake hujiona ametimiza kazi. Sisi tuliozeeka kati ya majalada twalijua neno hilo vizuri. Mara nyingi maana yake si kwamba jambo halijulikani, bali kwamba hapana aliyeuliza.

Twataka kulipinga neno hilo, na pamoja nalo ndugu yake, yaani ukarabati wa haraka unaokipa chombo rangi mpya kabla hakijahojiwa. Na ili tusidhaniwe kuwa tunagombana na majirani, tutachukua kwanza mfano wa mbali: gitaa la chuma lenye pedali, chombo cha Wamarekani. Chombo hiki ni cha juzi tu, na aghalabu kimetoka katika karakana zenye vitabu vya hesabu. Kama hata hicho chaweza kupotezewa asili kwa mkono wa fundi, basi zeze la babu zetu litasalimikaje?

Gitaa hili halikumbatiwi kifuani. Ni sanduku refu jembamba lililosimamishwa juu ya miguu kama meza, nyuzi zake zikitazama juu. Mpigaji huketi nyuma yake. Mkono wa kushoto huteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia hudonoa, miguu hukanyaga pedali, na magoti husukuma vyuma vilivyoning'inia chini ya sanduku. Kila pedali huvuta nyuzi zake na kuzibadili sauti huku zikilia. Ndiyo sababu sauti yake hupanda na kushuka kama ya mtu aombolezaye.

Ukiuliza lilikozaliwa utajibiwa Nashville, na wajibuo hivyo hawasemi uongo mtupu. Mwaka 1954 ulivuma wimbo "Slowly" wa Webb Pierce, ambamo Bud Isaacs alipiga gitaa la pedali, na tangu hapo wapigaji wengi wa huko wakaona hawana budi kulitafuta. Lakini kabla ya pedali lilikuwapo gitaa la chuma la kulazwa mapajani, na hilo lilitoka visiwa vya Hawaii. Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874, ndiye anayetajwa zaidi kuwa aliuanzisha mtindo wa kuteleza chuma juu ya nyuzi, angali mwanafunzi. Visiwa hivyo vilikuwa na dola lake. Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani akapinduliwa na kundi lililoongozwa na wafanyabiashara na walowezi, askari wa manowari ya Marekani wakiwa wameshuka pwani. Mwaka 1898 nchi ikamezwa. Muziki wa walionyang'anywa ukavuka bahari na kuwateka wanyang'anyi, hasa baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915. Hata gitaa la umeme lililoanza kuuzwa mwaka 1932, ambalo kwa umbo lake lilipewa jina la kikaango, lilikuwa la mtindo wa Hawaii. Kisha chombo kikafika Afrika: Demola Adepoju wa Nigeria alikipiga katika bendi ya King Sunny Adé, kikaingia katika muziki wa juju kana kwamba kilizaliwa humo.

Basi tuambiwe, ni kibandiko gani cha shaba kingeweza kuyabeba hayo yote? Kibandiko hutaja aliyeuza. Asili ni jambo refu kuliko hilo.

Na sasa tuseme limepatikana gitaa la namna hiyo, limefunikwa vumbi, kibandiko kimebanduka. Mwenye pupa atasema halina asili. Mwenye subira ataligeuza chini juu, kwa sababu chombo hiki huandikwa tumboni, si usoni. Je, pedali zinavuta kwa nyaya za kusokotwa au kwa fito ngumu za chuma? Fender, katika magitaa yake ya kwanza ya pedali ya mwishoni mwa miaka ya 1950, alitumia nyaya. Sho-Bud walitumia fito. Je, mtambo wa kubadilishia sauti unavuta tu, au unavuta na kusukuma, kama yalivyofanya magitaa mashuhuri ya Emmons? Nyuzi ni nane, kumi au kumi na mbili? Shingo ni moja au mbili?

Kisha kuna kidude cha kuongezea na kupunguzia sauti. Mgongoni mwake mara nyingi pamepigwa mhuri wa tarakimu. Tatu za mwanzo zamtaja aliyekitengeneza, na zinazofuata zataja mwaka na juma. Mhuri wa 1377233 ni wa kampuni ya CTS, juma la 33 la mwaka 1972. Haina maana kwamba gitaa lilitengenezwa juma hilo, kwa maana kidude chaweza kulala rafuni muda mrefu, au kikawa kimebadilishwa. Kwa hiyo mchunguzi hutazama pia risasi ya kulehemu, kama ni ile ya awali au imeyeyushwa mara ya pili. Lakini akiiona haijaguswa, ajua kwamba gitaa halikukamilika kabla ya tarehe ile. Huo ni ushahidi. Hauhitaji hadithi.

Na ushahidi ulio bora kuliko wote ndio fundi hutupa kwanza: nyuzi kuukuu zenye kutu. Katika mpango wa sauti uitwao E9, wenye nyuzi kumi, uzi mwembamba kuliko wote haukai pembeni, hukaa mahali pa tatu. Anayepima unene wa nyuzi, kisha akafuata kila fito hadi kwenye uzi inaouvuta, aweza kujua chombo kilisema lugha gani na mwenyewe alipenda kupiga nini. Aliyezitupa nyuzi kabla ya kuzipima amemkata ulimi shahidi.

Wako wasemao: chombo ni cha kupigwa, na kisicholia ni kuni. Hoja hiyo twaikubali nusu yake. Nasi twataka kilie. Lakini kukifanya kilie ni kuyeyusha mafuta yaliyoganda katika mtambo, kulainisha viungo, kubadilisha uzi, kulehemu waya uliokatika, na kuweka kando, kwa jina na nambari, kila kilichotolewa. Hakuna katika kazi hizo inayodai msasa. Msasa na vanishi hazikifanyi chombo kilie. Hukifanya king'ae mbele ya mgeni rasmi. Msasa hufuta alama ya patasi, hufuta mkwaruzo wa mkono uliokipiga miaka ishirini, na kinachobaki ni samani. Wako na wengine, wafanyabiashara, ambao hubandika jina kubwa juu ya chombo kisicho na jina ili bei ipande. Hao hatubishani nao. Hao ni wezi.

Hapo ndipo twarudi nyumbani. Ilimba ya Wagogo, ambayo Hukwe Zawose aliifikisha mbele ya mataifa, ina tundu katika sanduku lake, na juu ya tundu hilo hugandishwa utando wa buibui. Utando huo ndio unaotia ule mvumo wa nyuki katika sauti. Mtunza ghala asiyejua akiiona ilimba yenye utando atafanya nini? Atachukua kitambaa chenye maji. Atausugua, atapaka vanishi, na ataandika katika kadi kwamba chombo kimesafishwa. Na kwa kuwa waliokusanya vitu vyetu wakati wa ukoloni mara nyingi waliandika jina la kabila na kulisahau jina la mchongaji, kadi hiyo itasema pia "mtengenezaji: haijulikani", ilhali pengine kijijini wako wajukuu zake wanaojua hata mti alioukata.

Twashangaa kwamba Mmarekani apenda kuhesabu tarakimu mgongoni mwa kidude kilichotoka kiwandani kwa maelfu, nasi twaona uzito kupanda basi hadi Dodoma kumwuliza mzee mmoja. Nafasi ya "haijulikani" katika kadi zetu na iondolewe. Pawekwe nafasi tatu: nani ameulizwa, lini, na alijibu nini. Nafasi ya kwanza ikiwa tupu, kopo la vanishi lisifunguliwe, na hati ya kulinunulia isitiwe sahihi.