Jozi Moja ya Raba Iingie Kwenye Sanduku la Bi Harusi



Sisi tunaoshona nguo za harusi huliona sanduku la bi harusi kabla halijafungwa. Doti za khanga zimo, madira yamo, udi na manukato yamo, na viatu vimo jozi nne au tano: vya mchuchumio vya dhahabu, vya fedha, vya kuendea shughulini, na kandambili za ndani. Mashaallah, vyote vizuri. Lakini kiatu cha kumtoa nje asubuhi akatembee kwa kasi au akakimbie hakimo. Rai yetu ni kwamba kiwemo, na kichaguliwe kwa ardhi atakayoikanyaga na kwa umbo la mguu wake.

Tunawaambia mabi harusi kwa sababu miaka ya mwanzo ya ndoa ndiyo mwili unapopata mitihani mingi. Mtu amehamia kwao mume, kazi za nyumbani zimeongezeka, mimba inakuja, na pesa zikipatikana zinakwenda kwa mtoto. Raba ambayo haikuingia na sanduku mara nyingi haiji tena. Na asituambie mtu kwamba mbio ni mambo ya wageni. Imepokewa katika Sunan Abi Daud kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), Bi Aisha akamshinda, na siku nyingine Mtume akamshinda yeye.

Tuanze na ardhi. Raba nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa lami au ukumbi wa mazoezi. Soli yake ni bapa na laini. Wengi wetu tunapenda kutoka baada ya sala ya alfajiri kupitia njia za mashambani na pwani, kwenye stara na hewa safi, na huko soli bapa haifai. Kiatu cha njia za nje ya lami kina meno chini, kitambaa kigumu zaidi pembeni, na kinga ya mpira mbele ya vidole. Urefu wa meno hayo ndio wa kuangalia kwanza.

Dada anayeolewa upande wa Makunduchi, Jambiani au Nungwi anakwenda kukanyaga maweni, yale mawe ya matumbawe yenye ncha. Huko meno ya milimita 3 hadi 4 yanatosha, kwani marefu sana humyumbisha mtu juu ya jiwe. Kinachohitajika zaidi ni soli nene, na bora iwe na kibao chembamba kigumu ndani yake kinachozuia ncha ya jiwe isichome wayo. Ijaribuni kwa kubonyeza soli kwa kidole gumba kutoka chini: mkihisi kidole kwa ndani, jiwe nalo litahisiwa.

Anayekwenda Pemba kwenye vilima, au mashamba ya udongo wa kinamo Unguja, ajiandae kwa masika. Kinamo kikilowa huteleza na hugandana. Hapo meno yawe marefu, milimita 5 au zaidi, na yaachane ili tope lidondoke. Raba ya Salomon iitwayo Speedcross ni mfano wa aina hiyo. Lakini msinunue hiyo kwa ajili ya barabara ya lami, meno yataisha upesi.

Mchanga wa pwani maji yakitoka ni mgumu na mzuri kwa mbio, na meno mafupi yanatosha. Angalieni zaidi kitambaa. Kwa joto letu, na kwa maji ya bahari na mvua, kitambaa chenye matundu ni bora kuliko kile kisichopitisha maji. Maji yakishaingia kwa juu kwenye kiatu kisichopitisha maji hayatoki, na mguu unachemka humo mpaka unatoa malengelenge.

Sasa mguu wenyewe. Hakuna fundi anayekata gauni kwa kuambiwa tu kwamba mteja ni "saizi ya kati", lakini viatu vya bi harusi hununuliwa kwa namba 38 iliyotumwa kwa simu. Namba ya Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, na ya Uingereza kwa theluthi moja ya inchi. Kila kiwanda pia kina kalibu yake, kwa hiyo 38 ya hapa inaweza kubana na ya pale ikapwaya. Pimeni hivi: jioni, wakati mguu umevimba kidogo, simama juu ya karatasi uzito wote ukiwa chini, mwenzako achore kuzunguka mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine ni cha pili. Pima na upana mahali palipo panene. Fanya miguu yote miwili, kwani mara nyingi hailingani, na ufuate ule mkubwa. Ongeza kama sentimita 1 mbele, kwa sababu mkiteremka mlima vidole husukumwa mbele na kucha huwa nyeusi. Watumieni watu wa bwana harusi sentimita hizo.

Mkiwa dukani, toeni ule ulalio wa ndani ya kiatu, uwekeni chini na mkanyage juu yake. Nyama ya mguu ikimwagika pembeni, kiatu hicho ni chembamba kwenu hata kama urefu umekaa sawa. Wenye mguu mpana mbele, na ndio wengi miongoni mwetu tuliokulia kwenye kandambili, watafute kiatu chenye nafasi ya vidole kutawanyika. Altra ya Marekani inajulikana kwa hilo. Wenye kisigino chembamba wafunge kamba mpaka tundu la mwisho kabisa, kisigino kisiinuke. Wenye wayo bapa wasitishwe na wauzaji: kiatu kisichowauma tangu dakika ya kwanza ndicho chao.

Jambo jingine ni kwa waliozoea mchuchumio. Viatu hivi hutofautiana kimo kati ya kisigino na vidole, kuanzia 0 hadi kama milimita 12. Aliyevaa visigino virefu kwa miaka, akihamia ghafla kwenye 0, kano ya nyuma ya mguu itamlalamikia. Aanze na 8 au 10, ashuke taratibu.

Mitumba si aibu, raba nzuri nyingi zimo humo. Lakini ikunjeni kwanza. Kiatu kizuri hupinda pale vidole vinapopindia. Kikipinda katikati, kiacheni. Angalieni kama kisigino kimeliwa upande mmoja, kama gundi inaachia, na kama sponji ya soli imekuwa ngumu. Sponji hufa kwa umri hata kiatu kikiwa kinang'aa.

Tunajua litakalosemwa: bi harusi anapelekewa raba kama mwanafunzi? Hina ya miguuni haijafifia anaambiwa akakimbie? Hakuna anayemtaka akimbie siku ya fungate. Raba itamsubiri. Jozi moja kati ya zile za mchuchumio, ambayo huvaliwa mara moja na kukaa kabatini, ingetosha kuinunua au kuisogeza karibu. Na baada ya kujifungua apimwe upya, kwa maana mimba huweza kuupanua na kuurefusha mguu, na vya zamani visimtese.

Kwa stara, upindo wa baibui la mazoezi uishie kwenye kifundo, na suruali pana ndani yake. Upindo unaoburuta humwangusha mtu kwenye mawe hata akiwa na kiatu kizuri kiasi gani.

Mashangazi na masomo mnaoandika orodha ya sanduku, tunawaomba muongeze mstari mmoja: raba ya njia za nje, sentimita kadhaa, na jina la kijiji anachokwenda kuishi. Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu afya na ndoa zenye kheri. Amin.