Hukulimishwa Usiku, Ulikosa Pumzi

Mtu akiamka hapa Namanyere mwili umevunjika, mabega mazito kama aliyeshinda akiinua matuta, jibu analipata kabla hajanawa uso: "Wamekulimisha." Yaani wachawi walimtoa kitandani, wakamtumikisha shambani kwao, wakamrudisha alfajiri. Nimelisikia neno hili kwa wazee na kwa wenye shahada. Ni uongo, na uongo huu unaua.

Mtazameni huyo aliyelimishwa akiwa amelala. Anakoroma hadi chumba cha pili. Ghafla, kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, maana nyama za koo zimelegea zikaziba njia. Sekunde 10 zinapita, pengine 20 au zaidi, ndipo ubongo unamgutusha. Anavuta pumzi kama aliyeibuka majini, kisha anaendelea kukoroma. Kwa wenye hali mbaya hilo hujirudia mara 30 na zaidi kwa saa, na asubuhi hakumbuki hata moja. Anaamka mdomo mkavu, kichwa kinamgonga, mchana anasinzia katikati ya mazungumzo. Ugonjwa huu huandamana na shinikizo la damu na kiharusi. Pombe huuzidisha, kwa kuwa inalegeza koo. Nasi tunamsifu kwamba kalala fofofo!

Kuhusu kichwa cha asubuhi, niseme jambo moja la baridi yetu ya Ufipa: kama jiko la mkaa lililala ndani na madirisha yamefungwa, shukuni jiko kwanza. Hewa yake haina harufu na inaua familia nzima.

Lipo pia jinamizi. Unafumbua macho, kidole hakiinuki, kifua kimekaliwa, na kuna mtu amesimama kando ya kitanda. Wengi wanalishika hilo kama ushahidi usiopingika. Lakini tunapoota, ubongo huifunga misuli ili tusirushe ngumi za ndotoni. Mara nyingine akili hutangulia kuamka huku mwili ungali umefungwa na ndoto haijaondoka chumbani. Hupita yenyewe baada ya muda mfupi, na huwazidi wanaolala kidogo au kwa saa za kubahatisha. Mwaka 1995 Zanzibar, watu walikesha nje kwa makundi wakimkimbia Popobawa, waliyesema huwakandamiza usiku. Kijana mgonjwa wa akili aliuawa na umati huko Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye.

Linaloniumiza zaidi ni malale. Barabara yetu ya kwenda Mpanda inakatiza Hifadhi ya Katavi, kwenye mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo. Mrina asali anarudi na homa isiyosikia dawa ya malaria, kisha usingizi wake unageuka: mchana analala, usiku anakesha na kuweweseka. Nani hapa kwetu hatasema amerogwa? Wadudu wa malale huonekana kwenye damu kwa hadubini, na dawa ipo. Asipotibiwa, malale ya upande huu humuua ndani ya miezi, wakati ndugu zake wangali wanazunguka kwa waganga.

Uchovu huo ukishaitwa uchawi, lazima apatikane mchawi, na mara nyingi huwa ni bibi anayeishi peke yake. Ufipa tunaijua njia hii. Mtafiti Mwingereza Roy Willis aliandika jinsi Kamchape walivyopita vijijini kwetu miaka ya 1960 wakisaka wachawi, na mpaka leo rambaramba, waganga wa kusaka wachawi, wanaitwa na kuchangiwa fedha. Sheria ya Uchawi, iliyoanza 1928, inamtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Tunaikanyaga kila msimu.

Hatari hii iko barabarani pia: tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Dereva anayeamka amechoka kila siku kisha akaambiwa kalimishwa atakwenda kuchanjwa chale, halafu atarudi kushika usukani akiwa na koo lile lile.

Anayekosa pumzi usingizini hajisikii. Shahidi ni wewe uliyelala naye. Usiku wa leo msikilize. Akinyamaza katikati ya kukoroma, hesabu sekunde. Kisha nendeni zahanati, na usimwache aingie peke yake kwa daktari, maana yeye hana la kusimulia. Ulichokisikia wewe ndicho daktari anachokihitaji.