Maji ya Karanga Yanafika Mwambani

Mwezi uliopita nilinunua samaki aina ya changu sokoni hapa Moshi. Mchuuzi aliniambia samaki huyo ametoka Tanga na basi la usiku. Nilipompasua nyumbani nikakuta uti wa mgongo umevunjika, damu imevilia ndani ya nyama, na kile kibofu cha hewa tumboni kimepasuka. Samaki wa ndoana hafi hivyo, wala wa wavu. Huyu aliuawa kwa baruti. Nilisimama jikoni nikiona haya, kwa sababu fedha iliyomlipa mlipuaji ilitoka mfukoni mwangu.

Ndugu zangu wa Moshi, Hai, Vunjo na Rombo, najua wapo watakaosema: samaki wa mwambani watuhusu nini sisi tulio chini ya mlima? Mambo ya pwani tuwaachie watu wa pwani. Kabla ya kusema hivyo, tuufuate mto. Karanga unaingia Weruweru, Weruweru unaingia Kikuletwa. Rau na Njoro inakwenda upande wa Ruvu. Kikuletwa na Ruvu inakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto unaitwa Pangani, unapita Korogwe na Hale, hata unamwaga maji yake baharini kati ya mji wa Pangani na Bweni. Kwa hiyo sisi ndio tunaokaa kwenye chanzo, na wale wa Pangani wanapokea tunachowapelekea.

Na nje ya Pangani na Tanga ndiko ilikojipanga miamba ya matumbawe. Tumbawe linaonekana kama jiwe, lakini ni kazi ya wanyama wadogo wasiohesabika, ambao ndani ya miili yao inaishi mimea midogo mno inayowalisha kwa nguvu ya jua. Maji yakichafuka kwa tope, jua halifiki, na yule mnyama anakosa chakula. Maji yakijaa mbolea, mwani unanawiri na kuyafunika matumbawe. Hapo ndipo samaki wanapofanya kazi ambayo hakuna mtu angeiweza: pono na tasi wanaula ule mwani mchana kutwa kama mbuzi malishoni, na kikande anamla shokomzinge, yule mwenye miiba anayekwangua mwamba. Wataalamu waliochunguza miamba ya Kenya wameeleza wazi kwamba pale kikande alipovuliwa akaadimika, shokomzinge waliongezeka na mwamba ukaliwa. Kwa hiyo samaki anaishi kwa mwamba, na mwamba unaishi kwa samaki. Anayewaondoa samaki na anayemwaga mbolea mtoni wanasaidiana kuua kitu kimoja, hata kama hawajapata kuonana.

Mtu wa baruti yeye anaua vyote viwili kwa mpigo mmoja. Chupa moja inatupwa, maji yanarushwa juu, na samaki wakubwa kwa wadogo wanakufa pamoja. Wengine wanaelea, wengi wanazama wasiokotwe na yeyote. Chini yake linabaki rundo la vifusi. Tumbawe la aina ya kichwa hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Basi fikirini, lile lenye ukubwa wa meza lina umri gani, na limevunjwa kwa nukta ngapi? Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza baruti na sumu, na mwaka 2009 Serikali ilitenga Hifadhi ya Silikanti huko Tanga, kwa ajili ya samaki yule ambaye wataalamu walidhani alitoweka zamani za kale, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Sheria ipo, hifadhi ipo. Lakini baruti hutupwa pale penye soko, na soko ni mimi na wewe.

Mwenzangu mmoja alinibishia kwamba bwawa la Nyumba ya Mungu linazuia tope letu lisifike baharini. Ni kweli, sehemu kubwa ya tope inatua pale, na ni hasara ya wavuvi wa perege wa bwawa lenyewe. Lakini mbolea iliyoyeyuka haitui kama tope. Chupa tupu ya maji nayo huelea. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na tulitii vizuri. Chupa bado tunazitupa kwenye mifereji, mvua ikija zinashuka. Mji wetu umesifiwa mara nyingi kwa usafi, nami najivunia sifa hiyo. Ndiyo maana inaniuma kuona kingo za mito yetu zilivyo.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakapauka na mengi yakafa. Sisi tunaoitazama theluji ya Kibo ikipungua hatuna haja ya kuelezwa kwamba hali ya hewa inageuka. Joto lile hatuwezi kulizima kutoka Moshi. Lakini mwamba wenye pono na tasi wa kutosha una nafuu ya kupona, na hilo liko ndani ya uwezo wetu.

Basi nawasihi. Mwenye kihamba anayepulizia mibuni yake dawa kila msimu aende Lyamungo, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, akaulize miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, apunguze gharama na dawa inayoshuka mtoni. Maji ya kukobolea kahawa yachimbiwe shimo, yasirudishwe mfongoni. Mama unayenunua samaki, mwombe mchuuzi ampasue mbele yako. Ukiona damu imevilia na uti umevunjika, mrudishie, na umwambie kwa nini, kwa sauti ambayo wanunuzi wengine wataisikia. Na wewe uliyelima hadi kwenye maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakutaka uache mita 60 kutoka ukingoni. Ni kama hatua 80 za mtu mzima. Zihesabu kabla ya masika, ung'oe mahindi yaliyomo, na upande mabingobingo ya ng'ombe wako.